Mtoto wa Kamanda

Wewe unayesoma, kaa nikusimulie taratibu. Kama umewahi kunusa vumbi linaloungua nyuma ya televisheni ya zamani, ile ya mgongo mkubwa, utanielewa upesi. Juzi nilikutana na harufu hiyo kwa fundi wa redio mjini Voi, na papo hapo nikawa na miaka kumi tena, nimebanana na wenzangu kwenye benchi la kinyozi kule Marungu, shingo ikiniwasha kwa nywele za watu.

Kinyozi wetu, Mwadime, alikuwa na televisheni iliyotumia betri ya gari. Jumamosi alasiri alituruhusu watoto tukae, mradi tusiwazibie wateja kioo cha kunyolea. Tulifuata tamthilia moja ya anga za juu iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilikuwa tamthilia maskini, hilo hata sisi tuliliona. Ukuta wa chombo ulitikisika kila mtu alipofunga mlango. Kofia za anga zilikuwa helmeti za pikipiki zilizopakwa rangi ya fedha. Na lile jitu la sayari ya barafu, mimi na rafiki yangu Mghoi tulikubaliana, lilikuwa blanketi. Hatukujali, kwa sababu kulikuwa na siri.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Kamanda mzee, mgonjwa, aliwaambia watu wake: "Mtoto wangu yumo humu chomboni. Ana kovu begani, na hajui kwamba mimi ni mzazi wake. Chombo nitamwachia yeye." Basi, kipindi kikaisha hapo. Wiki nzima hatukuzungumza jambo lingine.

Wavulana walisema ni rubani. Mwakio wa darasa la nane, mkubwa wao, alitueleza kama mwalimu kwamba rubani ana kidevu cha Kamanda. Mimi nilisema ni Zura, yule dada fundi wa mitambo. Nilikuwa na sababu. Kwenye joto la injini wenzake wote walibaki na fulana, lakini Zura hakukunja hata mkono wa shati. Alikuwa anaficha nini?

Jumamosi iliyofuata, tukingoja kipindi kianze, niliyasema hayo kwa sauti. Kibanda kizima kikaangua kicheko.

"Wakesho, ulisikia wapi msichana akiachiwa chombo?" Mwakio aliuliza. "Ataendesha kwa mwiko?"

"Ataendesha kwa mikono. Kwani wewe huendesha kwa masikio?"

Kelele zikazidi. Mwadime hakuwa mtu mbaya, ila alipenda utulivu. Alizima mashine ya kunyolea. "Wewe msichana, sema tu umekosea, ukae."

"Sijakosea."

"Haya, toka nje."

Nyumbani hatukuwa na televisheni, wala kwa majirani. Kutoka pale ilikuwa kumpoteza Zura kabisa, na neno moja tu lingeniokolea nafasi yangu. Nilitoka. Mghoi alinifuata, akinung'unika kwamba nimemkosesha jitu lake.

Tulikaa nyuma ya kibanda, migongo ikichomwa na mabati. Picha hatukuiona, lakini sauti tuliipata yote. Kabla ya kipindi televisheni ilirudia maneno ya Kamanda, na safari hii sikuwa na uso wa mtu yeyote mbele yangu, nilikuwa na maneno peke yake. Mtoto wangu. Ana kovu. Hajui. Nitamwachia yeye.

Nikayapiga mabati kwa kiganja. "Amesema mtoto! Hajasema mvulana! Sikilizeni vizuri!"

Ndani mashine ilinyamaza. Kisha mteja mmoja akasema, polepole, "Lakini ni kweli. Hajasema."

"Alimaanisha mvulana," Mwakio akajibu.

"Alikwambia wewe?" nikamuuliza kupitia ukutani.

Mwadime hakuniita ndani siku hiyo, na baada ya muda mfupi tamthilia ikaondolewa bila siri kufichuliwa, wakaweka mieleka. Mwakio bado anadai ni rubani. Tukikutana sokoni namuuliza swali lilelile.

Wakati ule nilidhani nampigania Zura tu. Miaka mingi baadaye, nikihangaika na Kiingereza shuleni, ndipo nilipoona kwamba lugha ile ingemlazimu Kamanda kusema, tangu sentensi ya pili, kama ni wa kike au wa kiume. Kiswahili kilimtunzia siri yake bila jasho. Mlango ulikuwa wazi. Watu wa kibandani waliufunga wenyewe, halafu wakaapa kwamba Kamanda ndiye aliyeufunga. Wala hawakusema uongo. Walisikia kabisa kitu ambacho hakikusemwa, na ndiyo maana nilipaswa kupiga mabati.

Kwa hiyo jaribu hivi, si vigumu. Leo ukiambiwa daktari amefika, au mwenye shamba yuko njiani, usimpe sura bado. Uliza kwanza: ni nani?