Shamba Langu Lilipovuka Mpaka wa Zambia

Hata nikinuna mtanicheka, basi afadhali kisa hiki mkisikie kwangu mwenyewe, maana kijiweni wameshakiongezea chumvi. Mimi ni mtu wa darasa la nne, nyumba na mashine ya kusaga nimevipata kwa akili yangu, kwa hiyo niliposikia maofisa wa ardhi wanakuja kijijini kwetu Mbozi kutoa hati, nikaenda Tunduma nikanunua GPS yangu (kidude cha mkononi, kinasoma setilaiti na kurekodi njia unayopita), nipime shamba langu la kahawa mwenyewe.

Mama muuzaji akanieleza, "Baba, ukimaliza kuzunguka, simamisha kurekodi, hifadhi faili, ulihamishie kwenye kompyuta."

Nikamjibu, "Mwanangu, mimi nilifungua injini ya lori hujazaliwa."

Nikazunguka shamba, jirani yangu Nzowa nyuma yangu kama desturi ilivyo, tukakubaliana kila jiwe la mpaka. Ila kusimamisha sikusimamisha, niliogopa nikikizima kitasahau, nikakiacha kinarekodi mfukoni mwa koti, na koti likaenda nami Tunduma kutafuta mbolea, likavuka mpaka hadi Nakonde kuulizia bei ya mahindi, likarudi, likaenda kanisani, likaenda msibani. Siku moja kioo kikaleta Kiingereza kirefu (baadaye nikaambiwa kilisema nafasi imejaa, nifute rekodi za zamani?), chini pana ndiyo na hapana. Hapana sijaizoea. Nikabonyeza ndiyo.

Siku ya maofisa watu wamejaa ofisi ya kijiji, nami natamba, "Langu msihangaike, liko humu." Binti wa ardhi akachomeka waya kwenye kompyuta, akatazama, akatazama tena.

"Mzee, shamba lako limeingia Zambia."

"Limeingia wapi?"

"Nakonde. Na Tunduma yote imo, na kanisa."

Nzowa akashika kiuno. "Ala! Mimi nabishana naye mistari miwili ya mibuni, kumbe mwenzangu ana forodha nzima! Tajiri, ushuru wa malori tukuletee nyumbani?"

Walicheka mpaka mwenyekiti akatoka nje. Mimi sikucheka, maana ule mzunguko wa shamba ndio nilioufuta, na binti alisema jioni wanaondoka, asiye na vipimo hapati hati, na zamu nyingine hajui lini. Mke wangu akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka mjini Vwawa, "Baba Tumaini, kamwombe Nzowa mzunguke tena."

Nikamwomba. Mbele ya watu.

"Nakuja," akasema, "ila kidude nashika mimi."

Tukazunguka, kijiji kinatufuata kama harusi, kila jiwe Nzowa anageuka, "Samahani mzee, hapa bado Tanzania?" Tulipomaliza akaninyooshea kidude. "Simamisha." Nikasimamisha. "Hifadhi." Nikahifadhi, kama mtoto wa chekechea.

Hati nimepata. Jina la utani, Rais wa Nakonde, nimepata pia, nalo halifutiki. Na nimeapa: sibonyezi tena ndiyo kwa kitu ambacho sijakielewa, hata kikiniuliza kwa Kinyiha chetu.