Konokono Walikusanywa

Kuna sentensi niliyoiandika kwa Kiingereza ambayo kila nikiikumbuka natamani kujizaba kibao. Inasema konokono walikusanywa katika vituo sita vya ufukweni, kila wiki, kwa miaka miwili. Haina kosa hata moja. Mwalimu wangu wa sekondari angeipigia vema na kuwasomea wenzangu darasani.

Konokono hao aliwakusanya mama yangu.

Kijijini kwetu, kando ya ziwa, nje kidogo ya Mwanza, ulikuja mradi wa kuchunguza kichocho. Konokono wadogo wa majini ndio wanaobeba ugonjwa huo, kwa hiyo alitakiwa mtu wa kuingia kwenye matete, kuwachota kwa chekecheke lenye mpini mrefu, kuwahesabu na kuwapeleka mjini wakiwa hai. Vijana waliochukuliwa mwanzo waliacha kazi ndani ya mwezi. Mama akasema yeye ataiweza. Alizaliwa Kisesa, kwenye ng'ombe na pamba, ziwa alilizoea baada ya kuolewa, na bado akawa hodari kuliko waliozaliwa humo. Alijua konokono wanahama mvua zikianza. Alijua wanajificha chini ya majani makongwe ya yungiyungi, wakati wasomi wanahangaika kuwatafuta kwenye mawe. Siku moja aliwaambia kwamba pale wanawake wanapofulia konokono wamepungua, wamehamia kwenye mfereji wanaponyweshwa ng'ombe. Walimcheka. Kisha akawapeleka huko, wakapima, wakakuta ni kweli.

Walimpa pea moja ya buti za mpira. Buti la kushoto likatoboka mapema. Aliomba jingine, akaambiwa asubiri, akasubiri huku ameziba tundu kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Miguu ikamwasha mpaka akaikuna ikatoka damu. Baadaye tumbo nalo likaanza, choo kikawa na damu. Akanywa vidonge, akapona, akarudi kwenye matete yake. Nilipomwambia aache alinitazama kama niliyemtukana.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo, nimepanga chumba Mkolani, kazi sina. Mkuu wa mradi aliposikia nimesomea Kiingereza akanipa kazi ya kuandaa ripoti. Kwenye rasimu ya kwanza niliandika mambo kama nilivyoyaona: mama mmoja mkazi wa kijiji alikusanya konokono, akagundua wamehama, akatuonyesha walikokwenda. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, akacheka kwa pua.

"Hii ni barua ya mtoto wa bweni kwa wazazi," akasema. "Ripoti haina watu. Ripoti ina kazi. Kaandike kisomi."

Hicho kisomi nilikijua vizuri. Tulifundishwa kidato cha tatu. Mwalimu anatoa sentensi, sisi tunaigeuza: polisi alimkamata mwizi, mwizi alikamatwa na polisi. Tukishaigeuza anatuambia kwamba mtendaji asipokuwa na umuhimu tumkate. Asipokuwa na umuhimu! Na sisi tukakata kweli. Tulimkata polisi, tukamkata mpishi, tukamkata mkulima, tukabaki na chakula kilichopikika na shamba lililolimika. Nilikuwa napata zote. Nilikuwa nainua daftari juu ili wenzangu waone.

Kiswahili nacho kina kauli ya kutendwa, sikatai. Lakini mwambie jirani yetu pale ufukweni kwamba kuku wako ameibwa, uone kama atatulia kabla hujamwambia ameibwa na nani, au angalau unamshuku nani. Hata pole hakupi mpaka ajue. Kile Kiingereza cha ripoti hakina jirani wa namna hiyo. Unaandika kwamba jambo lilifanyika, na anayesoma anaitikia kwa kichwa, anafungua ukurasa unaofuata.

Basi nikaenda kuandika kisomi. Konokono walikusanywa. Ilibainika kwamba walihamia mferejini. Ilibainika! Yule mama aliyesimama kwenye matope mpaka magotini, akachekwa, akawapeleka mwenyewe kwa mkono, nikamgeuza kuwa neno moja lisilo na mwenyewe. Kisha nikaandika sentensi ambayo hadi leo inanipandisha hasira kuliko zote: tahadhari zote za usalama zilichukuliwa. Zilichukuliwa na nani? Na mfuko wa nailoni? Niliijua miguu ile. Nilikuwa nimeipaka mafuta kwa mikono yangu. Nikaandika hivyo hivyo, na nikaona imekaa vizuri.

Ningependa kumsukumia mkuu lawama zote, na nyingi anastahili. Lakini ukurasa wa shukrani aliniachia mimi, hata hakuusoma. Nilianza kuandika jina la mama, nikalifuta. Niliona aibu, huo ndio ukweli. Niliogopa wakubwa wataona jina la ukoo limejirudia, wajue kwamba mwanamke wa kwenye matete ni mama yangu mzazi. Nikaandika kwamba wanajamii wote wanashukuriwa kwa ushirikiano wao. Halafu ndani ya jalada nikaandika kwa herufi nzito, imeandaliwa na, nikaweka jina langu kamili. Pale sikumkata mtendaji.

Mama alipopewa nakala yake aliifunga kwenye khanga mpya akaiweka ndani ya sanduku. Kiingereza hajui, ila jalada alilielewa. Lilikuwa na picha ya buti mbili ndani ya maji na mkono ulioshika chekecheke. Aliyepiga picha alikomea kiunoni. Kila mgeni aliyefika nyumbani alionyeshwa: hii miguu ni yangu, na aliyeandika ni mwanangu.

Mwaka huu umekuja mradi mwingine. Walitangaza kwamba wanatafuta msimamizi wa akina mama watakaokusanya konokono, na kwamba atakayekubaliwa awe na uzoefu unaothibitishwa kwa maandishi. Mama hakulala kwa furaha. Kijiji kizima kilishasema kazi ni yake, wanawake walioomba kuwa chini yake walikuwa wameshajipanga. Akaniomba nimsindikize. Sikupata ujasiri wa kumwambia kitu njiani.

Ofisi yenyewe ni nyumba ya kupanga huko Kiseke. Mezani alikuwepo dada wa rika langu, mpole, akasimama kumpokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya ile kazi ya konokono. Mradi ule wa kwanza ni mimi niliyewakusanya, wote."

"Hongera mama. Una maandishi yoyote?"

Mama akafungua khanga yake taratibu. "Lipoti hii hapa. Na hii ni miguu yangu."

Yule dada akaitazama picha, akamtazama mama miguuni, akatabasamu. Kisha akaanza kufungua ukurasa mmoja mmoja, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alisoma vizuri, hakuwa na haraka. Nilijua hatakuta kitu. Nilimchukia kwa kusoma vizuri hivyo, nikamchukia mkuu na pua yake, nikamchukia mwalimu wa kidato cha tatu, na katika wote hao hakuna aliyekuwa ameshika kalamu siku ile ila mimi.

"Mama, nakuamini," akasema mwishowe. "Lakini picha haina sura, na humu ndani jina lako sijaliona. Wanasema tu kwamba konokono walikusanywa. Mimi nikipeleka hivi watanirudishia. Kuna mwombaji mwingine ana barua."

Mama hakukasirika. Alicheka kidogo, kama mtu aliyeona mwenzake ametafuta kwenye ukurasa usio wenyewe.

"Limo, mwanangu. Haliwezi kukosa kwenye kalatasi zote hizo. Basi mwulize huyu, ndiye aliyeandika. Nimemzaa mwenyewe."

Yule dada akarudi kwenye jalada, akasoma majina yangu kwa sauti, yote matatu, akainua macho.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa dada, niambie nimwandikie nini mama. Jina lake umeliweka wapi?"

Mama naye akanigeukia asikie jibu. Alikuwa bado anatabasamu.