Masalu na Mzee Asiyeitikia

Masalu, mzaliwa wa Mhunze, alijaliwa mdomo. Duara, shimo la wachimbaji, lilipomtapika kule Geita alitoka na mbavu zake na hadithi tele, dhahabu hakuna. Akafuata ukweni, kwa Wasumbwa wa ukingoni mwa kinamasi cha Kigosi, akajifunza kusukuma mtumbwi kwa pondo. Kazi hiyo aliiweza, tusimnyime haki yake. Ila binadamu haridhiki. Wageni walipoanza kuja na darubini kutazama ndege, Masalu akatangaza kwamba yeye na korongo nyangumi ni mtu na shemejiye.

"Yule? Namjua mpaka anavyokoroma," aliwaambia vijana wa bodaboda. "Mdomo kama kiatu cha polisi! Akiugonganisha utadhani wanawake wanatwanga."

Hakuwa amemwona hata siku moja. Yote hayo aliyasikia kwa baba mkwe, yeye akayapaka mafuta tu.

Ndipo akaja Mama Paskazia, mkunga mstaafu wa Kahama. Presha ya macho ilikuwa inamziba uoni. Vitu vya pembeni alikuwa havioni tena.

"Dirisha linazibwa kidogo kidogo, baba," alimwambia Masalu. "Daktari kasema kilichozibwa hakizibuki. Huyo ndege nimemwona kwenye kalenda ya zahanati miaka yote. Nataka nimwone mzima, kabla giza halijaingia. Wewe ndiye unayemjua?"

"Mayu, wewe njoo na macho yako tu, mengine niachie mimi," akajibu Masalu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Kumwambia hivyo mtu anayeugua macho! Mdomo ule haukuwa na breki.

Waliingia majini alfajiri, ukungu umelala juu ya mafunjo kama shuka. Mama Paskazia alikaa mbele, darubini usoni, akimtazama nzohe, yule swala wa majini, aliyejizamisha mpaka puani. Masalu, nyuma na pondo lake, akageuka kulia. Lo! Pale kwenye ukingo wa mafunjo kasimama mzee. Koti la kijivu, mabega juu, kichwa kimeinama, kimya. Kaja kutazama mitego yake ya samaki, Masalu akawaza.

Sasa niambieni nyie, Msukuma aliyelelewa akalelewa atampita mzee kama anapita kisiki? Si watasema kalelewa na mbuzi! Masalu akalaza pondo, akainama, macho chini kama adabu inavyotaka, akaitoa salamu ya asubuhi kwa babu, kwa kifua chote:

"Mwangaluka, guku!"

Labda hakusikia, akarudia:

"Mwangaluka, guku! Mhola?"

Akasikia kitu kama blanketi bichi likikung'utwa. Alipoinua macho, mzee hayupo. Mabawa mapana ya kijivu yalikuwa yanamezwa na ukungu.

Masalu akalishika pondo upesi, kama vile hakuna kilichoruka.

"Unamsalimia nani?" akauliza Mama Paskazia, bado kamwelekea nzohe wake.

"Mzee mmoja tu, mayu. Wa mitego."

"Mbona haitikii?"

"Kiziwi."

"Maskini! Basi tusogee, nami nimwamkie kwa karibu. Mzee hapitwi hivihivi."

"Tutamkosa ndege, mayu..."

"Ndege atangoja. Sukuma."

Akasukuma. Angefanyaje? Kila pondo lilipozama, uongo wake ulizama nalo. Walipofika hapakuwa na mtego wala pa mtu kusimama. Mafunjo yale yalielea tu, ukiyagusa yanadidimia. Juu yake alilala samaki, kamongo aliyekatwa nusu, mdomo wake bado unatafuta hewa. Pembeni, unyoya.

Mama Paskazia aliuokota kwa vidole vyake vya ukunga, akausogeza jichoni, akaugeuza taratibu.

"Masalu."

"Mayu."

"Mzee wako anaota manyoya?"

"Nisamehe, mayu. Nilidhani mtu."

"Samahani ingoje kwanza. Umemwona karibu. Nisimulie basi, nami nione. Jicho lake likoje? Na huo mdomo?"

"Mdomo kama kiatu cha..." Masalu akakwama. Maneno aliyoyauza kila siku yalimkauka ulimini. Mama yule alikuwa amefumba macho, uso umeinuliwa, anasubiri picha.

"Sikumwona, mayu. Niliinamisha macho. Na kabla ya leo pia... sijawahi kumwona. Nilidanganya."

Mama Paskazia akafumbua macho. Angemtukana, Masalu angepona. Hakumtukana.

"Na macho yako mazima hayo," alisema polepole. Kisha: "Alielekea wapi?"

Masalu akanyoosha kidole kulia. Akakumbuka kwamba huko mama haoni, akageuza mtumbwi mzima mpaka upande ule ukawa mbele yake. Walitafuta mpaka jua likakausha ukungu wote. Waliona ndege mnandi, waliona kiboko na mwanawe. Korongo hakurudi.

Bandarini vijana wa bodaboda walikuwa wakingoja abiria.

"Masalu! Shemeji yako hajambo?"

Alimshika Mama Paskazia mkono akamteremsha, bila kumtazama usoni.

"Simjui," akasema. "Yule ndege mimi simjui. Sijawahi kumwona."

Vijana wakaangua kicheko, wakapiga na honi. Walidhani ni moja ya vichekesho vyake.

"Nasema simjui!" akarudia kwa sauti, na sauti ikakatika katikati.

Kicheko kikafa kimoja kimoja. Mama Paskazia alikuwa bado ameushika mkono wake, maana njia ya kupanda ilikuwa na mawe.