Mwalimu Aliyeyashuku Matokeo Yake Mwenyewe

Saa moja na nusu asubuhi, mwalimu wa darasa la tatu A amesimama nje ya darasa lake kama mtoto aliyechelewa kuhesabiwa namba mstarini. Hakufukuzwa na mtu. Amejifukuza mwenyewe.

Ndani, kwenye kiti chake chenye mguu uliofungwa waya, amekaa mwalimu wa darasa la tatu B. Wawili hawa hawajasalimiana vizuri tangu ugomvi wa ufunguo wa kabati, mwaka juzi. Mtoto mmoja mmoja anaitwa mezani, anapewa karatasi, anasoma. Mwenye darasa anachungulia dirishani.

"Dada, toka hapo!" sauti inamfuata. "Nakuona unawapa watoto ishara kwa macho."

"Nakohoa tu, chaki imenipalia."

"Kakohoe chooni."

Walimu wenzake wanamwita Mwalimu Daftari, kwa sababu ya daftari gumu jeusi asiloliacha hata akienda kunywa maji. Aliyekaa ndani wanamwita Bi Rula. Huyo hupima kila kitu, kuanzia pambizo za madaftari hadi urefu wa salamu za wenzake. Leo anapima kitu kimoja tu: kama watoto hamsini na wawili wa jirani yake wanajua kusoma kweli, au wamemchezea shere mama mtu mzima.

Jibu linatakiwa upesi. Ijumaa walimu wa shule sita wanakuja kujifunza "mbinu ya darasa la tatu A". Mwalimu mkuu ameshapeleka barua ya kujisifu ofisi ya elimu. Watoto nao, muhula ukiisha, watapandishwa darasa la nne wakiwa na sifa ya kusoma, na huko hakuna atakayekaa nao chini kuwaonyesha herufi.

Mambo yalianza vizuri. Mwanzoni mwa muhula, Mwalimu Daftari alimwita kila mtoto mlangoni akampa hadithi fupi ya paka aliyelala kwenye kapu la fundi nguo. Walioisoma mpaka mwisho walikuwa kumi na wanne.

Akaamua kufanya jaribio. Kila asubuhi, dakika kumi kabla ya kipindi cha kwanza, anayejua anakaa na asiyejua, wanasomeana. Yeye akawa anazunguka na daftari lake, akiandika nani anasaidiwa, nani anapiga miayo, nani anamwachia mwenzake kazi yote.

Daftari hilo lilimletea maneno. Mwalimu wa hesabu aliacha kupiga soga akimwona. Wengine walisema ni jasusi wa mkaguzi. Hata mumewe, fundi cherehani, alianza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

"Nilimkuta anaandika sebuleni," anasema mume huyo, sindano mdomoni. "Nikamuuliza, mama, mimi nimepata ngapi? Akafunga daftari. Mpaka leo sijui nimefaulu au nimerudia darasa."

Wiki nane zikapita, akapima tena. Arobaini na watatu! Mwalimu mkuu alimpa mkono mara mbili. Mwalimu wa hesabu akarudi kupiga soga.

Mwenye ushindi peke yake ndiye aliyekosa raha. "Nimefundisha miaka kumi na tisa," anasema. "Sijawahi kuona darasa likipanda hivi kwa wiki nane. Nikajiambia, hapa nimeliwa."

Akaanza kuvizia. Asubuhi moja alimsimamia msichana wanayemwita Kasuku, bingwa mpya wa darasa. Kasuku alisoma hadithi ya paka kwa madaha, kidole kikifuata mistari, sauti ikipanda na kushuka panapostahili. Hakukosea hata silabi.

Karatasi ilikuwa kichwa chini, miguu juu.

"Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikakaa chini," anasema Mwalimu Daftari. "Kosa ni langu. Shule ilikuwa na karatasi chache, nikawaachia ile ile ya paka wajizoeze wiki nane, halafu nikawapima kwa paka huyo huyo. Hata kiziwi angemkariri."

Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyeuliza. Lakini alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba kupima upya. Mkuu akavua miwani.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Mkuu."

"Barua imeshakwenda. Unataka nikawaambie nini? Kwamba watoto wamesahau kusoma mwisho wa wiki?"

"Hawakusahau, Mkuu. Hawakuwahi kujua."

Mkuu alimtazama kama mtu anayetafuta mkaguzi aliyejificha nyuma ya gauni lake. Kisha akasema, "Pima. Lakini mimi sijui kitu."

Ndipo akamfuata Bi Rula. Alimwomba achague mwenyewe hadithi ngeni, yenye urefu ule ule, na asimwonyeshe mpaka watoto wa A wamalize. Kisha yeye atawapima watoto wa B kwa hadithi hiyo hiyo, kwa kuwa nao walipimwa mwanzoni mwa muhula na hawakuwahi kukaa wawili wawili.

"Kwa nini mimi?" Bi Rula aliuliza, mikono kiunoni. "Una rafiki zako."

"Rafiki atanionea huruma. Namtaka anayengoja kwa hamu nianguke."

"Basi umempata," alijibu Bi Rula, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wa kabati, wakacheka pamoja.

Sasa ni saa nne. Bi Rula anatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Ishirini na watatu," anasema. "Nilitafuta wa kumpunguza, nikamkosa."

Mwalimu Daftari anaegemea ukuta. Ishirini wameyeyuka asubuhi moja. Lakini tisa wamebaki, juu ya wale kumi na wanne wa mwanzo.

Mchana anawapima watoto wa B, ambao idadi yao ni karibu ile ile. Mwanzoni walisoma kumi na watano, sasa kumi na tisa.

"Umeona?" Bi Rula anamchokoza. "Wangu wameongezeka wanne bila daftari lako. Watoto hukua tu."

"Wanne nimekubali. Wa kwangu ni tisa. Hao watano wengine wametoka wapi?"

"Labda kwao wana kaka na dada wanaowasomesha."

"Labda," anasema Mwalimu Daftari, naye anaandika. Hata jibu hilo halimtoshi.

Ijumaa wageni wanakuta ukutani namba tatu: 14, 43 iliyokatwa kwa kalamu nyekundu, na 23. Mwalimu mkuu anatazama dari. Mgeni mmoja wa nyuma anaguna.

"Sasa tumeitwa kujifunza nini?"

"Namna ya kudanganywa na watoto mnaowapenda," anajibu mwenye darasa, kisha anawasimulia habari za paka.

Wanacheka, halafu kicheko kinakatika ghafla. Wageni wawili wanatoka nje wakiwa na simu sikioni. Mmoja anasikika akisema, "Hebu wageuzie karatasi, uone."

Muhula ujao watabadilishana. Bi Rula atawakalisha watoto wake wawili wawili, kila wiki na hadithi mpya, na Mwalimu Daftari ndiye atakayepima. "Nataka siku moja nifikishe arobaini na watatu ambao hata huyu mama hatawatilia shaka," anasema Mwalimu Daftari.

"Utasubiri sana, dada," Bi Rula anamjibu kutoka chumba cha pili.

Asubuhi nyingine, kengele haijalia. Kasuku, asiyekuwamo kwenye wale ishirini na watatu, amekuja mezani, na mwalimu anampa hadithi asiyoijua, kichwa chini kwa makusudi. Msichana anaitazama, anakunja uso, anaigeuza.

"M... mve... mvu..." Anasita, anarudi nyuma, anafuta jasho. "Mvua."

Anasoma vibaya sana. Mwalimu wake anafungua daftari na kuandika namba: ishirini na nne. Anaitazama kidogo, kisha pembeni anaweka alama ya kuuliza.