Mbele ya Shabaha

Watu wetu wa Houston wanamwita Mbele. Jina lake ni Parfait, na mama yake aliyempa jina hilo kule Uvira, Kongo, hakuota kwamba siku moja watoto wa Sunday school wa Pearland, pembeni ya Houston, wangemkimbilia mlangoni wakipiga kelele, "Uncle Mbele! Uncle Mbele!" Watoto hawajui maana yake. Wazazi wao wanajua, na ndio wanaojikausha nyuso kama watu wasiosikia kitu. Nimeamua kueleza jinsi alivyolipata jina hilo kwa sababu wale wanaolieleza wanalieleza vibaya, tena kwa raha.

Parfait alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari. Vita vilipofika Uvira alivuka ziwa na mkewe Josiane na mtoto wao Zoé, wakakaa kambini Kigoma mpaka walipoletwa Texas. Walianzia Fort Worth. Huko alifanya kazi kwenye ghala la kuku wa barafu, mwalimu mzima, akivaa glavu tatu tatu na bado vidole vikifa ganzi. Ndipo akasikia kwamba chuo kikuu kimoja cha Houston kinatafuta fundi wa maabara anayejua umeme na sumaku. Wakahama. Josiane akapata kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Pearland, mahali nilipo nesi mkuu wa zamu, na tangu hapo tukawa kama ndugu. Yale ambayo sikuyaona kwa macho alinieleza Josiane. Yaliyobaki aliyaeleza Wacuka mwenyewe, msichana aliyefanya kazi na Parfait maabara, akicheka.

Parfait aliipenda kazi ile mpaka ikawa kero. Ukimkuta mezani kwake, kabla chai haijapoa ameshaanza habari za protoni, zile chembe za ndani ya atomu.

"Dada Immaculate, protoni iko inazunguka sawa vile pia ya kuchezea ya mutoto," aliniambia. "Ndani yake muko kwaki tatu, tuvipande tudogo twenye tunaijenga. Watu wote walifikiria ile kwaki njo inabeba muzunguko yote. Walipopima, bakakuta zinabeba kidogo tu. Sasa ile ingine nani anabeba?"

Nilimwambia mimi ni nesi, asiniumize kichwa. Akasema, sawa, nesi. Umempima mtoto mchanga, kilo tatu. Halafu unapima damu, mifupa na nyama yake yote, unapata kilo moja. Si utashtuka? Nikakubali kwamba ningeshtuka. "Basi njo vile," akasema. Na njia ya kuchungulia ndani, alisema, ni hii: unazisimamisha protoni zote kichwa juu, unazirusha kwa kasi ya kutisha zigonge shabaha, unahesabu vipande vinavyochepukia kushoto na vinavyochepukia kulia. Kisha unazipindua kichwa chini, unahesabu tena. Kama kwaki zina mkono katika mzunguko ule, kushoto na kulia hakutalingana, na ukizipindua protoni upande uliozidi nao utahama. Kutolingana huko ndiko wanakokutafuta. Alikuwa akifika hapo anasimama, kiti kinaanguka nyuma yake, na Zoé anamwambia, "Dad, sit down."

Mkubwa wa kazi ile alikuwa profesa mmoja Mtexas, mrefu, mpole wa sauti. Alikuwa amehamia Houston kwa ajili ya ile mashine kubwa ya kugonganisha protoni iliyokuwa ijengwe Waxahachie, kusini ya Dallas, mpaka serikali ilipochoka kuilipia ikaacha shimo. Tangu hapo alikuwa akiwapeleka watu wake na vyombo vyao kwenye maabara moja huko mashariki ya nchi. Profesa huyo alimwahidi Parfait jambo. Majira ya joto yakienda vizuri, alisema, Septemba ya mwakani utaingia chuoni kama mwanafunzi wa udaktari, digrii yako ya Bukavu nitaitetea mimi. Parfait alikuwa ameshapita arobaini. Alikwenda dukani akanunua begi la mgongoni, sawa na la Zoé ila rangi, akalitundika nyuma ya mlango lisubiri Septemba. Nafasi ile ndiyo aliyokuwa akiiombea kila Jumapili, na kila mtu kanisani alijua, maana alikuwa akiomba kwa sauti.

Wacuka naye alikuwa tayari mwanafunzi wa udaktari. Msichana wa Nyeri, kichwa chepesi, mdomo mtamu, mwimbishaji wetu wa ibada. Alimwita Parfait "Baba Zoé" kwa heshima zote, na maabara nzima ni wao wawili tu waliozungumza Kiswahili. Walikipenda. Kilikuwa chumba chao cha faragha katikati ya Wazungu. Tatizo lilianzia humo humo.

Sasa nisikilizwe vizuri, kwa sababu hapa ndipo wachekaji wanapoharakisha. Mkondo wa protoni unakuja, unagonga shabaha, unaobaki unaendelea. Kuna sumaku mbili. Moja iko kabla ya shabaha, nayo ndiyo inayosimamisha protoni kichwa juu au chini. Nyingine iko baada ya shabaha, inarudisha mkondo uliopita jinsi ulivyokuwa. Katikati ya majira ya kazi ilibidi waya za ile ya kwanza zigeuzwe, ili protoni zilizokuwa kichwa juu sasa ziwe kichwa chini. Wacuka alikuwa chumba cha mitambo. Parfait alikuwa chini, kwenye sumaku, na simu ya ukutani.

"Baba Zoé," Wacuka akamwambia, "sasa reverse ile magnet iko mbele ya target. Ya nyuma usiguse."

"Ya mbele," Parfait akajibu. "Nimesikia. Ya nyuma siigusi."

Sisi manesi tunafundishwa kurudia agizo la daktari neno kwa neno ili mgonjwa asife. Naye alirudia. Walirudishiana neno lilelile, na kila mmoja alikuwa na mbele yake. Kwa Wacuka, mbele ya shabaha ni upande ule inaokutazama nao, mkondo unapotokea. Kwa Parfait, mbele ni kule mkondo unakokwenda. Ukimwambia duka liko mbele ya shule, atafika shuleni, ataipita, aendelee. Wewe msomaji ungefanya hivyohivyo, usijifanye. Akageuza ya pili.

Kwa hiyo protoni hazikupinduka. Zilibaki kichwa juu, na huko chumba cha mitambo wanahesabu wakidhani ziko kichwa chini. Nusu ya kwanza ya hesabu ilisema kitu, nusu ya pili, waliyoibadili alama wakidhani protoni zimepinduka, ikasema kinyume chake, na Wacuka alipozijumlisha zikauana. Kushoto na kulia sawasawa. Kabla ya kujumlisha angeweza kutazama kila nusu peke yake, hata mimi ninayepima presha ya vikongwe najua kutenganisha karatasi za asubuhi na za jioni. Lakini alikuwa na haraka ya kuitwa daktari, na jibu la sifuri lilikuwa jibu la kutikisa watu. Profesa alilibeba mkutanoni akatangaza kwamba kwaki hazichangii lolote pale. Kabla mwaka haujaisha wenzao wengine wawili walikuwa wamepima jambo hilohilo wakakuta kutolingana kukubwa, wazi, na profesa akaaibika mbele ya watu aliosoma nao.

Profesa akawaita wote wawili ofisini. Parfait hakungoja kuulizwa mara mbili. Alieleza waya alizozigusa, moja moja, upande gani, na akasema aliambiwa ya mbele akafanya ya mbele. Profesa hakuelewa. Akamgeukia Wacuka, kwa sababu nani mwingine angemuuliza?

"Hilo neno lina maana nyingine?"

"Hapana," Wacuka akasema. "Mbele ni mbele. Hata mtoto anajua."

Parfait akaomba aitwe mtu yeyote anayejua Kiswahili, yeyote, Houston imejaa. Profesa akamjibu kwa ile sauti yake ya upole kwamba hapa ni idara ya fizikia, si mahakama. Wiki hiyohiyo Parfait akaachishwa kazi, na habari ya Septemba haikutajwa tena.

Na hapa nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Hesabu zile hazikuwa zimeharibika! Mara tu Parfait alipowaambia ukweli, Wacuka alikwenda akabadili alama ya nusu ya pili, kujumlisha kukawa kutoa, na ile tofauti ikajitokeza safi, ikalingana na ya wenzao. Tasnifu yake ikasimama juu ya maneno aliyoyasema Parfait akijitetea. Angekuwa mwongo, angesema hakumbuki, wote wawili wangeanguka. Alisema kweli, akaanguka yeye.

Akarudi ghalani, safari hii la vipuri vya magari. Jina likaanza. Wacuka ndiye aliyelianzisha, nyumbani kwa watu baada ya ibada, akiigiza sauti: "Ya mbele, nimesikia!" Watu walikunywa chai yao wakacheka mpaka machozi. Begi lilibaki nyuma ya mlango hadi Zoé alipolichukua kwa sababu la kwake lilichanika.

Sherehe ya udaktari ilifanyika hapa Pearland, kwenye nyumba aliyokuwa amehamia Wacuka. Tulialikwa kanisa zima. Josiane alisema yeye haendi ng'o.

"Tukibaki, batasema niko na wivu," Parfait akamwambia. "Vaa kitenge, twende."

Niliwapakia wao na Zoé kwenye gari langu. Mtaa ule ni mpya, nyumba zote zimefanana, nikapotea kidogo. Nikampigia Wacuka nikaiweka simu kwa sauti kubwa ili nishike usukani.

"Sista Immaculate, mko wapi? Sasa, mkifika kanisa la Baptist msisimame. Nyumba iko mbele ya kanisa. Mtaona baluni."

Nikakata. Josiane aliyekaa nyuma alianza kupumua kwa nguvu. Kanisa likatokea mkono wa kulia, na mguu wangu, sijui kwa nini, ukaenda kwenye breki.

"Pita," Parfait akasema, akitazama barabara. "Ni mbele."

Nikapita. Baluni zilikuwa pale.

Wacuka alitupokea mlangoni, amependeza, siwezi kumnyima hilo. Akauliza kama tumefika bila shida. "Bila shida, Daktari," Parfait akajibu. "Ulisema mbele ya kanisa, tukapita kanisa." Mkono wa Wacuka ulikuwa ungali umeshika wa Josiane, nikaona wazi kwamba amesikia alichoambiwa. Kisha akaangua kicheko, akawageukia wageni. "Sikieni jamani! Mbele leo amefika mbele!" Nyumba nzima ikalipuka. Mchungaji naye alicheka. Parfait alitabasamu vile mtu anavyotabasamu akipigwa picha, akaenda kukaa karibu na dirisha.

Tulikuwa tumeshapakua chakula profesa alipoingia, shati limelowa jasho, anacheka, anapunga simu. Amekaa kwenye maegesho ya kanisa muda wote huo, alisema, pale pale mlangoni, akishangaa sherehe gani haina watu. Alimwambia Wacuka kwa Kiingereza, na nayaandika alivyoyasema: aliambiwa nyumba iko in front of the church, mbele ya kanisa, akasimama mbele ya kanisa.

"Pole sana, Profesa, kosa langu," Wacuka akamwambia, naye kwa Kiingereza, amemshika mkono kama binti yake. "Ni Kiswahili hicho. Kwetu mbele ni kule unakokwenda. Nilitafsiri vibaya."

Aliyasema kabla hajayasikia mwenyewe. Nilimwona alipoyasikia.

Profesa akaacha kucheka. Si mjinga yule, msije mkasema hakuelewa. Alimtazama Wacuka, halafu macho yake yakazunguka chumba polepole mpaka yakamkuta Parfait dirishani, sahani mapajani. Parfait akasimama. Alisimama wima, kama mwanafunzi aliyeitwa jina, na Josiane akanishika mkono akaufinya mpaka ukaniuma. Walitazamana wanaume wale wawili. Nilisubiri. Chumba kizima kilisubiri, hata wale waliokuwa hawajui wanasubiri nini.

Profesa akapanguza paji la uso.

"Nasikia harufu ya mbuzi," akasema. "Ni mbuzi huyo?"

"Ni mbuzi, Profesa," Wacuka akasema haraka. "Karibu, karibu huku."

Wakaenda jikoni. Mazungumzo yakarudi, mtu akaongeza muziki. Parfait alibaki amesimama na sahani yake, na Zoé, aliyekuwa na begi lile mgongoni kwa sababu haendi popote bila vitabu vyake, akamvuta mkono wa shati.

"Dad, are you in trouble?"

"Hapana," akamwambia. "Kula, chakula inapoa."