Siku Tulipoufuga Mwangwi wa Kanisa Kongwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoingia katika kanisa kongwe upande wa Mpimbwe, drili mkononi, nikitembea kama mtu aliyekwisha kushinda vita. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa fundi wa vipaza sauti mwenye kibanda changu pale Ilembo, na mjini Mpanda haikuwapo harusi wala mkutano ulionishinda. Nilijiona nimekamilika. Naandika haya bila kujionea huruma, kwa kuwa kijana anayejiona amekamilika ni hatari kwa kila anachokigusa.

Kanisa lile lilijengwa na wamisionari pamoja na wazee wetu, kwa matofali mabichi, kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu, zikapakwa chokaa nyeupe. Serikali ilikuwa imeliweka katika orodha ya majengo ya kale yanayolindwa kwa sheria: hakuna kutoboa, kubomoa wala kupaka saruji bila kibali cha maandishi. Uzuri wake ulimfanya mtu anyamaze. Tatizo ni kwamba hata aliyesema hakusikika. Katekista Leonsi akitamka "amani", neno lilipanda hadi darini, likarudi mara tatu, likagongana na neno lililolifuata. Ukipiga kofi moja ungeweza kuhesabu hadi nne kabla halijafa.

Waumini walikuwa wamechoka. Halmashauri ya parokia ikaamua kwamba, ikiwa Jumapili ya kuwaombea marehemu, mwezi wa Novemba, masomo hayatasikika tena, ibada itahamia kwenye ukumbi mpya na kanisa lile litatiwa kufuli. Ndipo wakaniita mimi nijaribu.

Aliyeumizwa na uamuzi huo kuliko wote ni Bibi Yustina, msukaji wa mikeka. Kila Novemba katekista husoma majina ya marehemu wa kanisa hilo, na miongoni mwao yumo mumewe, Filipo.

"Miaka kumi na moja namngoja," aliniambia. "Najua wanamsoma. Ila mimi nasikia uuu-uuu, kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Sasa wakituhamisha kabla sijamsikia humu tulimofungia ndoa, nitafanyaje?"

Nikamwambia asijali, nimeleta spika kubwa. Nikaziwasha. Aibu iliyonipata, mwanangu! Sauti kubwa ilizaa mwangwi mkubwa zaidi, na popo wakatoka darini. Badala ya kusimama nikafikiri, nikazilaumu kuta. Nikaamua kuzifunika kwa mbao za kupigilia. Katekista akanikumbusha habari ya kibali.

"Baba, afisa wa mambo ya kale yuko mbali," nilimjibu. "Tundu moja nani ataliona?"

Nikatoboa. Kipande cha chokaa kipana kama sinia kikaporomoka miguuni pangu, na pale kilipobanduka, juu ya udongo, zikaonekana alama za vidole: mistari minne minne, iliyoviringika kama mawimbi, iliyoachwa na watu waliokandika ukuta kwa mikono mitupu.

"Zima hicho kidude," alisema Bibi Yustina. Nikazima. "Vidole hivyo ni vya nani?"

"Sijui, bibi."

"Hata mimi sijui. Ila mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake waliokandika humu. Labda umemtoboa mama yangu, baba, na hata shikamoo hukumpa."

Katekista alicheka. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Naye hakuwa amemaliza.

"Nyie mafundi wa mjini mnajua kupiga kelele. Kusikiliza hamkufundishwa? Mbona Jumapili ya mavuno huwa tunasikia kila kitu?"

"Kweli kabisa!" akasema katekista. "Siku ile hata nikipiga chafya mtu wa mwisho ananiombea uzima."

Nikauliza siku hiyo kuna nini. Wakanieleza, kama unavyomweleza mtoto, kwamba watu wa huko huleta sadaka ya mavuno kwa magunia, mpunga na mahindi, na kuyapanga kando ya kuta zote mbili hadi usawa wa madirisha. Mwanangu, nilisisimka! Kuta ngumu hurudisha sauti, magunia huimeza. Jibu lilikuwa likiingia kanisani humo kila mwaka, likishangiliwa kwa vigelegele, kisha likirudishwa ghalani. Nilikimbia kuazima magunia ya mpunga ya majirani, nikayapanga, nikapiga kofi. Nilihesabu mbili tu. Nikapiga tena na tena, nikicheka peke yangu.

Hata hivyo furaha haifuti kosa. Nilimwandikia afisa wa mambo ya kale nikakiri tundu langu. Alikuja, akanikaripia mbele ya watu kwa haki yote, akasimamia wazee wawili wakiliziba pengo kwa udongo na chokaa, nami nikikanyaga tope. Kisha nikamweleza mpango: fremu za mbao zinazosimama zenyewe sakafuni, umbali wa kiganja kutoka ukutani ili ukuta upumue, ndani yake magunia yaliyojazwa sufi, mbele yake mikeka ya ukindu. Hakuna msumari utakaogusa jengo.

"Vyote hivi vinaweza kuondolewa kwa mchana mmoja, na ukuta ubaki ulivyokuwa?" aliuliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

Akayapeleka maombi yangu serikalini kwa barua, na kibali kikatoka. Ndipo kijiji kizima kikashikwa na homa ya kazi. Watu walileta mito na magodoro yao ya zamani ya sufi. Bibi Yustina na wenzake walisuka kutwa, wakinitania: "Fundi, usije ukasinzia, ukuta wenyewe sasa ni kitanda!" Zile spika kubwa nilizirudisha Ilembo, nikafunga ndogo kwenye nguzo fupi zinazosimama kwa vitako vyao, chini, karibu na masikio ya watu.

Jumapili ile kanisa lilijaa hadi mlangoni. Katekista akaanza kusoma majina, polepole, na kila jina likafika zima, likasimama, likatulia kabla la pili halijaja. Kisha akasoma: "Filipo, mume wa Yustina."

"Ndiye!" ilisikika sauti kutoka benchi la mwisho.

Bibi Yustina alikuwa amesimama. Katekista akapoteza mstari.

"Rudia, Leonsi. Mara moja tu."

Akarudia. Vigelegele vilipasuka katika misa ya marehemu, jambo ambalo sijaliona tena. Halmashauri haikuhitaji kikao kingine, na hadi leo watu husali humo.

Basi sikia, mwanangu. Ukikabidhiwa kitu kilichotangulia kuzaliwa kwako, kisikilize kabla hujakirekebisha, na waulize wanaokitumia, hata wasiojua majina ya vyombo vyako. Sheria inayolinda jengo iheshimu hata pale mwenye sheria hakuoni. Kila unachoongeza, kiwe ni kitu ambacho anayekuja baada yako anaweza kukitoa bila kuacha kovu. Na ukikosea, kiri mapema.

Mungu akupe masikio mapana kuliko ujuzi wako, akupe wazee wasioogopa kukukemea, na kazi ya mikono yako imfikishie mtu neno alilolingoja. Amina.