Faru Aliyekatwa Sikio

Juzi nilimkuta mjukuu wangu kwao Moshono anafinyanga faru, simu kaiegesha kwenye kikombe ili aone picha. Harufu ya ule udongo mbichi ikanirudisha utotoni Oldonyo Sambu, mchana mmoja nyuma ya zizi letu, nami nikifinyanga faru wangu.

Sisi simu hatukuwa nayo. Nilikuwa na Bibi, aliyewahi kumwona faru kwa macho yake, nikamsumbua mpaka uji wake ukapoa, na uji wa baridi alikuwa haupendi kabisa.

"Pembe ziko wapi, Bibi?"

"Puani."

Nikadhani ananitania, nikaziweka kichwani kama za ng'ombe. Akazing'oa, akasonya. Basi nikaziweka puani, halafu nikamkata sikio, alama ya ng'ombe wa boma letu.

"We mtoto! Faru ana mwenyewe?"

"Sasa akipotea, Bibi, watamjuaje?"

Akaliziba lile sikio kwa udongo huku anaguna. Nililia mpaka ng'ombe wakarudi.

Juzi nikaitazama ile simu vizuri. Faru wa kweli, yuko porini, sikio limekatwa!

"Askari wa wanyamapori ndio wanawakata, Babu," mjukuu akasema. "Wamebaki wachache, kwa hiyo kila mmoja lazima ajulikane."

Na Bibi hayupo. Nibishane na nani sasa?